Ukijua kila kitu, usiandike kila kitu

Nimeandika programu kwa miaka 14 hapa Dar es Salaam: PHP, Python, Android, seva za Linux, menyu za USSD (zile za simu zinazoanza na nyota). Mwaka jana nilituma CV ile ile yenye yote hayo miezi mitano, karibu kote kimya. Kampuni moja ilinihoji mara nne, ikanipa kazi ya majaribio ya kufanyia nyumbani siku tatu, kisha ikaniambia "hujabobea". Iliniuma sana.

Ukiomba kazi, fanya hivi. Soma tangazo, chagua upande wako mmoja unaoendana nalo, uweke juu kabisa ya CV. Mengine yatoshe mstari mmoja wa mwisho. Usiandike "najua lugha tisa". Eleza tatizo na ulivyolitatua. Langu: malipo ya M-Pesa yalikuwa yakihesabiwa mara mbili, maana mtandao ukisuasua taarifa ya muamala huletwa tena. Nikaizuia hifadhidata kupokea namba ya muamala iliyokwisha kuingia, malalamiko yakakoma. Nikilisimulia hilo, anayenihoji huacha karatasi yake na kuanza kuuliza maswali ya kweli.

Kazi ya majaribio ya kufanyia nyumbani ikizidi nusu siku, omba ilipwe au ipunguzwe. Kwa adabu, lakini omba. Na kabla ya kufungua tovuti za ajira, wapigie simu wateja wako wa zamani. Kazi niliyo nayo sasa niliipata kwa mteja wa 2016.