Kumlisha kwa chupa mtoto mchanga anayesumbuliwa na gesi

Mtoto wangu wa pili alikuwa na wiki tisa niliporudi kazini, kwa sababu sehemu ya zile siku 84 za likizo ya uzazi ambazo sheria ya kazi ya Tanzania humpa mama ilikwisha kabla sijajifungua. Chupa ikaingia nyumbani, na katika wiki hiyohiyo mtoto akaanza kulia kila jioni, tangu adhana ya magharibi hadi karibu saa nne za usiku, miguu ameikunja na tumbo limekaza. Mama mkwe alisema ni chango, jirani akaleta maji ya bizari nyembamba, nami nikanunua dawa ya gesi. Jibu nililipata siku niliyowahi kutoka kazini nikamkuta dada wa kazi akimlisha: mtoto amelala chali kabisa, chupa imeinuliwa kichwa chini, na mililita 120 zikaisha kwa muda wa dakika tano. Kosa halikuwa lake, kwani mimi ndiye niliyemwonyesha kulisha hivyo.

Maziwa yakishuka kwa kasi kuliko mtoto anavyoweza kumeza, hugugumia ili asipaliwe, na kila anapogugumia humeza hewa pamoja na maziwa. Kulia nako humjaza hewa, kwa hiyo mtoto aliyeachwa alie kwa njaa huanza kula tumbo likiwa tayari na upepo. Ndiyo maana mwongozo huu unashughulika zaidi na chupa yenyewe na mkono wa anayeishika.

Niseme kwanza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, na kwamba wauguzi wengi wa kliniki hupendelea maziwa yaliyokamuliwa yanywewe kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa. Ushauri huo ni mzuri, na anayeweza kuufuata aufuate. Ninayemwandikia hapa ni yule ambaye tayari ana chupa mkononi, iwe ina maziwa yake mwenyewe au ya kopo.

Anza na chuchu ya chupa. Igeuze chupa yenye maziwa kichwa chini bila kuibinya: maziwa yanapaswa kudondoka tone baada ya tone, na yakitiririka kama uzi, tundu ni kubwa mno kwa mtoto wa umri huo. Kuna desturi ya kupanua tundu kwa sindano iliyopashwa moto ili mtoto ashibe haraka, na nyumba nyingi zenye mtoto anayelia jioni ukiichunguza chuchu utakuta imeguswa na sindano hiyo. Itupe, ununue ya watoto wachanga yenye tundu dogo. Upande wa pili, kifuniko kilichokazwa kupita kiasi huzuia hewa kuingia ndani ya chupa kuchukua nafasi ya maziwa yaliyotoka, hivyo chuchu hubonyea na mtoto hunyonya bila kupata kitu, kisha hukasirika na kumeza hewa tupu. Kilegeze kidogo tu, mpaka uone viputo vidogo vikipanda ndani ya chupa wakati mtoto ananyonya. Viputo hivyo ni dalili kwamba hewa inabaki ndani ya chupa wala haimwendei yeye.

Chupa, chuchu na kifuniko vioshwe kwa maji ya sabuni na brashi, kisha vichemshwe dakika 10 vikiwa vimezama kabisa. Maziwa ya kopo si safi kabisa kwa vijidudu, hata kopo likiwa jipya, ndiyo maana unga hukorogwa kwa maji yaliyochemshwa ambayo joto lake bado halijashuka chini ya nyuzi 70. Kwa vitendo, ni maji yaliyoachwa yapoe kwa muda usiozidi nusu saa baada ya kuchemka. Usitegemee maji ya themosi ya asubuhi kutengenezea maziwa ya alasiri. Pima kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo hilohilo, kikiwa kimesawazishwa kwa kisu safi, na ufuate kipimo kilichoandikwa. Najua bei ya kopo, na najua kwa nini watu hupunguza unga, lakini maziwa mepesi humwacha mtoto na njaa na kumdhoofisha, na unga uliozidi humletea choo kigumu.

Ukitikisa chupa, povu jingi hujitokeza juu ya maziwa, na povu ni hewa. Iache chupa isimame dakika chache hadi povu litulie, huku ukiipooza ndani ya beseni la maji baridi, kisha jaribu joto lake kwa matone machache kwenye kifundo cha mkono. Maziwa yaliyokamuliwa hayahitaji kutikiswa: izungushe chupa taratibu kati ya viganja ili mafuta yaliyoelea yachanganyike. Maziwa ya mama hukaa kwa muda wa hadi saa nne nje ya friji mahali ambapo joto halizidi nyuzi 25, jambo ambalo Dar es Salaam hulipati kwa urahisi mwezi wa Februari, kwa hiyo yaweke kwenye friji, ambako hukaa hadi siku nne. Kilichobaki ndani ya chupa baada ya mtoto kula kimwagwe.

Mlishe kabla hajalia. Mtoto mwenye njaa huanza kwa kugeuza kichwa akitafuta, kulambalamba midomo na kupeleka ngumi kinywani. Kilio huja mwisho, na akishafika hapo mtulize kwanza begani ndipo umpe chupa. Kaa mahali penye utulivu, mpakate kichwa chake kikiwa kwenye kiwiko chako na kifua kimeinuka, karibu kama mtu aliyeegemea kiti, ili kichwa kiwe juu ya tumbo. Gusa mdomo wake kwa chuchu, usubiri aufungue mwenyewe, kisha uishike chupa ikiwa imelala karibu sawa na sakafu, ukiiinamisha kiasi cha maziwa kujaza ncha ya chuchu tu. Kwa namna hiyo maziwa hutoka kwa sababu mtoto amenyonya, wala hayamwagiki yenyewe kooni.

Sikiliza. Mtoto anayekula vizuri husikika akinyonya mara moja au mbili, akimeza, kisha akivuta pumzi. Ukisikia mlio wa kugonga ulimi au filimbi nyembamba pembeni mwa mdomo, hewa inapita. Toa chuchu, hakikisha midomo yote miwili imegeukia nje, ndipo urudishe. Ukiona macho yamemtoka, vidole vimetanuka au maziwa yanavuja pembeni, shusha chupa ili chuchu ibaki mdomoni bila maziwa, apumue, halafu uendelee. Mlo wa namna hii huchukua dakika 15 hadi 30. Dada wetu aliona ni kupoteza muda, na nilimwelewa, kwa maana naye alikuwa na nguo za kufua. Lakini nusu saa ya kulisha ilitupunguzia saa mbili za kubembeleza. Mtoto akigeuza uso au akilala, mlo umekwisha, hata kama zimebaki mililita 30. Na chupa isiegemezwe kamwe kwenye mto au khanga iliyokunjwa ili mtoto ajilishe, kwa sababu anaweza kupaliwa na hakuna atakayejua.

Kumcheulisha kunafanywa katikati ya mlo na mwishoni. Mweke begani kidevu kikiwa juu ya kitambaa, au mkalishe pajani akiinama kidogo mbele, kiganja chako kikishika taya na kifua chake, si koo. Pandisha mkono mwingine mgongoni kutoka kiunoni kwenda juu, kwa kusugua au kwa kupigapiga kwa upole. Asipocheua baada ya dakika tano, muache. Hapa natofautiana na mama mkwe, aliyeamini kwamba mtoto halali mpaka acheue. Utafiti uliofanywa nchini India na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba kumcheulisha mtoto hakukupunguza vilio vya tumbo, bali waliocheulishwa walirudisha maziwa zaidi. Mimi niliendelea kumcheulisha wangu kwa kuwa nilimwona akipata nafuu, ila niliacha kumpigapiga hadi robo saa.

Baada ya mlo mshike wima dakika 20 hivi. Akiwa macho na mlo umeshatulia, unaweza kumlaza chali ukamsukuma magoti kuelekea tumboni kama anayeendesha baiskeli, au kumsugua tumbo kwa kiganja chenye joto, kwa mduara unaofuata mwendo wa saa, ambao ndio mwelekeo wa utumbo mpana. Usingizi wake uwe chali, juu ya godoro gumu lililo bapa, hata kama ana gesi.

Kuhusu dawa, sina mengi. Matone ya kuvunja gesi yalipojaribiwa kwa watoto wenye vilio vya jioni hayakuonekana kushinda matone ya kulinganishia yasiyo na dawa ndani yake, na gripe water (dawa ya maji ya kutuliza tumbo la mtoto) ya kwanza iliyotengenezwa Uingereza karne ya 19 ilikuwa na pombe, jambo ambalo huenda linaeleza kwa nini bibi zetu waliisifu kwa kulaza watoto. Maji ya bizari, hata yakiwa safi, huchukua nafasi ya maziwa ndani ya tumbo dogo. Asali isitumike kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli ya mtoto.

Vilio hivi kwa kawaida huanza wiki ya pili au ya tatu, hufikia kilele karibu na wiki ya sita na kupungua mwezi wa tatu au wa nne. Usiku ambao hakuna kinachosaidia, mlaze mahali salama, utoke nje ya chumba dakika chache, umwombe mwingine akupokee. Mtoto asitikiswe kwa hali yoyote. Lakini homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu, matapishi ya kijani au yanayoruka kwa nguvu kila baada ya mlo, damu kwenye choo, tumbo lililovimba na kuwa gumu muda wote, utosi uliobonyea, nepi zinazobaki kavu au kukataa kula kabisa si mambo ya gesi, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Unapokwenda, chukua chupa ileile unayomlishia, chuchu yake na kopo la maziwa, ili daktari aone kipimo unachotumia.