Maua ya msimu: kuchagua miche, kuipanda na kuyafanya yachanue kiangazi chote

Kabla hujavutiwa na rangi, hesabu saa ambazo jua linapiga kwenye tuta lako. Kosa la kupanda ua mahali pasipolifaa halirekebishwi kwa mbolea wala maji. Petunia, zinia, marigoldi na salvia zinataka angalau saa sita za jua kwa siku. Zikipata pungufu hurefuka, hulegea na kutoa majani mengi kuliko maua. Penye kivuli weka impatiensi au begonia. Begonia ndizo salama zaidi, kwa sababu impatiensi za kawaida hushambuliwa sana na ubwiri vinyoya: upande wa chini wa jani huota utando mweupe, kisha majani yote hupukutika. Pansi ni maua ya majira ya kuchipua. Hustahimili baridi, ila joto likishapanda huchoka, hivyo panga mapema kitu cha kuziba nafasi yake.

Ukinunua miche, acha ile iliyokwisha kufunikwa na maua. Chukua iliyo mifupi, yenye matawi mengi na vitumba vichache tu, kwani nguvu zake bado zinakwenda kwenye mizizi. Bana taratibu sehemu ya chini ya kichombo, utoe mche mmoja uangalie: mizizi iwe myeupe na ishikilie udongo. Ikiwa ya kahawia na imejizungusha na kusongamana, mche huo umekaa humo muda mrefu mno. Geuza majani pia, maana vidukari na inzi weupe hujificha upande wa chini.

Kuotesha mwenyewe ni nafuu lakini kunadai kalenda. Katika sehemu zenye majira ya baridi kali, hesabu kurudi nyuma kuanzia tarehe ambayo jalidi (umande unaoganda usiku wa baridi) huwa imekwisha: petunia na begonia wiki 10 hadi 12 kabla, marigoldi wiki 6 hadi 8. Zinia haipendi mizizi yake kusumbuliwa, hivyo ipande moja kwa moja tutani udongo ukishapata joto. Mbegu za petunia na begonia ni ndogo kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote. Zichanganye na mchanga mkavu laini, zinyunyize juu ya udongo wenye unyevu, na usizifukie. Weka trei mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi. Miche ikianguka ghafla, shina likiwa limenywea usawa wa udongo, hicho ni kinyaushi. Husababishwa na kuvu wanaostawi kwenye maji mengi, msongamano na hewa iliyotuama. Tumia trei safi, mwagilia kwa kuiweka trei kwenye maji ili udongo uyanyonye kutoka chini, na upunguze miche mapema.

Miche iliyolelewa ndani isitolewe nje kwa mara moja. Siku ya kwanza ipe saa moja au mbili kivulini pasipo na upepo, kisha ongeza kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Ukiruka hatua hii majani huungua na kuwa meupe, na ukuaji husimama.

Lima tuta kina cha sentimita 20 hadi 25 na uchanganye tabaka la mboji la sentimita 5. Usiongeze samadi mbichi, kwani huunguza mizizi. Acha sentimita 25 hadi 30 kati ya petunia, 20 hadi 25 kwa marigoldi fupi, na 15 hadi 20 kwa begonia. Mwanzoni tuta litaonekana tupu. Vumilia, kwani miche iliyobanana hupata ubwiri unga, yaani kuvu inayofunika majani kama unga mweupe, hewa isipopita. Kwa rangi, mbili au tatu zinatosha, na panda kila rangi kwa kundi la miche mitano au zaidi. Rangi zilizotawanywa mojamoja hupoteza nguvu zote.

Panda jioni au siku ya mawingu, kwa kina kilekile cha kichombo, kisha mwagilia hadi maji yazame. Baada ya hapo mwagilia asubuhi, kwenye udongo na si juu ya majani, hasa udongo ukiwa umekauka kina cha kidole. Vyungu vinavyoning'inia vinaweza kuhitaji maji kila siku wakati wa joto. Mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi kila wiki mbili inafaa. Nitrojeni ikizidi utavuna majani.

Kazi inayopuuzwa zaidi ni kuondoa maua yaliyonyauka. Kwenye petunia, kuvuta petali pekee hakusaidii: kifuko cha kijani kilichobaki chini ya petali ndicho kinachotengeneza mbegu, na mmea ukishapata mbegu hupunguza kuchanua. Kikate pamoja na kikonyo chake. Petunia zikitapakaa na kuwa tupu katikati ya kiangazi, zikate theluthi moja, uzipe maji na mbolea, nazo zitachipua upya na kuchanua tena baada ya wiki chache.