Kunasa bagi ya Bash inayotokea ikitaka yenyewe

Bagi (kosa) ya hivi kwenye skripti ya Bash inachosha kweli ila inanasika. Kabla hujagusa chochote cheki skripti ilikua inaendeshwa wapi, kwenye terminali au kwenye cron (inayoendesha skripti kwa ratiba), maana cron haisomi .bashrc yako (faili la mipangilio ya Bash) na PATH yake (orodha ya folda za kutafutia amri) mara nyingi ni /usr/bin:/bin tu, skripti nyingi zinafia hapo. Jaribu na mazingira matupu:

env -i bash skripti.sh

Ikigoma hapo basi kuna variabo inakosekana, zirudishe moja moja mpaka ikubali.

Bado inajificha? Iache izunguke yenyewe, hii ndo naipenda kuliko zote:

while bash -x skripti.sh 2>log.txt; do :; done

Hiyo -x inaandika kila amri inayoendeshwa kwenye log. Kila raundi inafuta log ya mwanzo, kwahiyo lupu ikisimama unabaki na log ya ile raundi mbaya tu. Ila lazima skripti irudishe namba isiyo 0 ikifeli, la sivyo itazunguka mpaka kesho. Juu kabisa ya skripti weka PS4='+$LINENO ' (ndo alama inayotangulia kila amri kwenye log) uone namba za mistari, na hizo kotesheni ziwe za moja moja. Kama tatizo huja na kupotea, angalia sana mistari yenye & mwishoni (amri inayoendeshwa nyuma bila kusubiriwa), unakuta mmoja bado unaandika faili na mwingine ushaanza kulisoma, weka wait (amri ya kusubiri hizo zimalize) katikati.