Si kila jiwe jeusi la Nairobi ni basalti

Ukiokota kokoto nyeusi kwenye mjengo hapa Nairobi, usikimbilie kuiita basalti. Sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya fonolaiti na trakaiti, ambazo pia ni lava zilizopoa haraka kabla chembe zake hazijakua.

Livunje jiwe kwanza, ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho. Sura ya nje iliyoliwa na mvua hudanganya, kwa hiyo soma uso mpya, juani, kwa kioo cha kukuza. Punje za kijani kama chupa ni olivini, na hizo huelekeza kwenye basalti. Vibapa vyeupe vinavyometameta ukiligeuza jiwe ni feldispa. Vikiwa vikubwa, vimetapakaa kwenye jiwe la kijivu-kijani, kama ilivyo fonolaiti ya Kapiti kule upande wa Athi, una sababu nzuri ya kushuku fonolaiti.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni kwatzi, yaani silika tupu iliyoganda kuwa madini. Fonolaiti ina nefelini, madini yenye upungufu wa silika. Kama silika ya ziada ingekuwepo kwenye magma (mwamba ulioyeyuka), ingeigeuza nefelini kuwa feldispa. Ndiyo maana mwamba wenye kwatzi yake ya asili si fonolaiti.

Fonolaiti husifika kwa kulia ikigongwa, lakini mlio wa nyundo usiuamini peke yake, maana basalti nzito nayo hulia. Na kama huna vipimo vya maabara, andika tu kwenye lebo: "lava ya kijivu yenye feldispa", pamoja na mahali ulipoitoa.