Namna ya Kuunda Nomino Kutokana na Vitenzi vya Kiingereza

Anayejua kwamba kitenzi "soma" huzaa "msomaji" na "usomaji" hana sababu ya kuogopa unyambulishaji wa Kiingereza, ila akumbuke kwamba Kiswahili hubadilisha neno mbele na nyuma, ilhali Kiingereza hubadilisha zaidi mwisho wake.

Anza na mtendaji kwa kuongeza -er: "teach" huwa "teacher", "run" hurudufu n na kuwa "runner", na "write", kwa kuwa tayari kina e, huongezewa r tu. Vitenzi vingi vyenye -ate huchukua -or, kama "translate" na "translator". Mtendwa mara nyingine hupewa -ee, ndiyo maana "employer" ni mwajiri na "employee" ni mwajiriwa.

Upo mtego hapa: "cook" ni kupika na pia ni mpishi, lakini "cooker" ni jiko. Waswahili husema aliyeoa amepata jiko, ila Mwingereza hataelewa utani huo.

Nomino ya tendo ndiyo ngumu. Miishio -ize, -ify na -ate hutabirika: "organize" hutoa "organization", na "simplify" hutoa "simplification". Kwingineko, kama "arrive" na "arrival", "develop" na "development", au "decide" na "decision", ni heri uandike kitenzi na nomino yake katika mstari mmoja wa daftari na kuvikariri pamoja. Zingatia pia kwamba "advise" yenye s ni kitenzi, na "advice" yenye c ni nomino isiyo na wingi.