Kasoro ya Kiwandani au Jeraha la Mtaani: Ninavyokagua Heller za Tabora

Nanunua na kuuza sarafu za kale hapa Tanga. Mtu akiniletea yenye kasoro, kwanza najiuliza: kasoro hii iliingia lini? Ikiwa ni kabla sarafu haijatoka kiwandani, ina mnunuzi. Ikiwa ni baadaye, ni jeraha tu.

Chukua heller 20 ya mwaka 1916 yenye herufi T, sarafu ndogo ya enzi Wajerumani walipotawala hapa. Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimeziba njia ya bahari, Wajerumani wakaishiwa chenji, wakafua sarafu wenyewe katika karakana ya reli upande wa Tabora. Walitumia shaba nyekundu na shaba ya manjano, kwa vifaa vya kuungaunga, ndiyo maana kasoro zake ni nyingi na za kila aina.

Weka taa ubavuni, si juu, kisha shika lenzi ya sonara. Ukiona mstari, tazama kama umeinuka au umezama. Muhuri unaogonga sarafu ukipata ufa, shaba huingia ndani ya ufa huo, hivyo kwenye sarafu mstari hutokea umeinuka. Mkwaruzo wa kisu huzama, na kingo zake huwa zimesukumwa pembeni.

Penye ganda la madini lililobanduka usoni mwa sarafu, tafuta herufi ndani ya kishimo. Zikionekana, hata kwa kufifia, ganda lilitoka kabla ya kugongwa. Likitoka baadaye, huondoka na herufi zake. Vishimo vya kutu ya kijani ni tofauti: vimetapakaa ovyo na ndani vina chengachenga.

Ukingo uliomeguka kama mwezi mchanga unadanganya wengi. Geuza uangalie upande unaoukabili: kama kipande kilikatwa vibaya kabla ya kugongwa, mara nyingi ukingo wa huko nao huwa hafifu, kwa kuwa madini hayakubanwa sawasawa. Ukiona ukingo una alama za kusuguliwa kwa tupa, sarafu hiyo iache.

Senti 10 za Afrika Mashariki zenye tundu nazikagua kwa namna nyingine. Tundu lilitobolewa kwanza, sarafu ikagongwa baadaye. Kwa hiyo tundu likienda kombo, mchoro hubaki mahali pake. Isiyo na tundu kabisa ninaitilia shaka mpaka nihakikishe hakuna duara jembamba la kiraka katikati. Wapo wanaoziba tundu kwa madini ya risasi na kupaka rangi.

Tafadhali usisugue kwa ndimu wala majivu. Ukishasugua, ushahidi wote umeondoka, nami siwezi kukusaidia.

Kuhusu bei: heller ya Tabora ambayo mchoro wake umesogea kidogo tu kutoka katikati silipi zaidi, kwani zilizokaa sawasawa ndizo adimu. Naongeza pesa pale mchoro umesogea sana hadi sehemu ya pembeni ikabaki tupu kabisa, na mwaka 1916 bado unasomeka wote.