Bajeti ya nyumba ya familia: pima mteremko kabla ya kununua ramani

Mdogo wangu alinipigia simu akiwa kiwanjani kwake Goba, Dar es Salaam. Pesa ya msingi ilikuwa imekwisha, na msingi wenyewe haujafika nusu. Ramani aliinunua ikiwa na orodha ya vifaa kabisa: tofali, saruji, nondo, malori ya kifusi. Orodha ile haikukosewa, ila ilikuwa ya nyumba iliyokaa juu ya ardhi tambarare. Goba ni vilima na mabonde, kama Kimara. Liliniuma sana, kwa sababu kabla hajaanza aliniuliza, nami nikamjibu kwenye simu bila kwenda kukikanyaga kiwanja. Tangu siku hiyo yeyote anayeniita namfanyia kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Kiwanja

Karatasi zako ziwe sawa, kiwe kimepimwa, majirani wakujue. Tafuta bikoni zote nne, yale mawe ya mpaka, kwa macho yako, uzisafishie nyasi. Kibali cha ujenzi omba halmashauri kabla ya kumwita fundi.

Hatua ya 2: Nani atalala wapi

Chukua karatasi uandike watu, vyumba utaviandika baadaye. Baba, mama, watoto wa kike, watoto wa kiume, bibi anayekuja kutibiwa akakaa miezi mitatu. Bibi asipandishwe ngazi, na choo kiwe karibu naye. Mimi sipendi choo ndani ya kila chumba. Kila choo kinakuja na mabomba yake, vigae vyake, mlango wake na chemba yake nje. Kwa familia ya watu sita, choo kimoja cha wazazi na kimoja cha wote vinatosha, na pesa inayobaki inakwenda kwenye jiko na stoo.

Hatua ya 3: Mteremko

Hapa ndipo pesa inapozama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Unahitaji mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wa nusu inchi, urefu mita 20, pamoja na futi kamba, mambo za mti (vigingi vya kupigilia ardhini) na mtu wa pili. Kuna vifaa vya kisasa vya mwanga, lakini jua la saa sita linaufuta ule mwanga usiuone. Mpira wa maji hauna betri na haudanganyi, ukiujaza vizuri.

Kuujaza vizuri ndiyo kazi. Sisi tulipoteza asubuhi nzima, kila tukipima tunapata namba tofauti. Kumbe kulikuwa na povu la hewa limejificha katikati ya mpira. Jaza maji polepole kutoka upande mmoja, upande wa pili ukiwa wazi, kisha upitie mpira wote kwa jicho. Ukiona povu, inua sehemu ile na uigonge kwa kidole mpaka litoke. Halafu leta ncha mbili pamoja, uzishike ubavu kwa ubavu: maji yakikaa usawa mmoja, anza. Yasipokaa, mwaga ujaze upya. Wakati wa kusoma, vidole vitoke kwenye ncha zote mbili, na asiwepo anayekanyaga mpira.

Pigilia mambo kwenye kona nne za nyumba. Kona za kiwanja ni kitu kingine, usizichanganye. Mtu mmoja asimame na ncha kona ya juu, wewe nenda kona ya chini. Maji yakitulia, kila mmoja apime kutoka usawa wa maji hadi ardhini. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mteremko. Ukiwa mkubwa kuliko mnavyofikia, gawanya njiani kwa mambo ya katikati ujumlishe. Rudia kona zote, kisha rudia zote mara ya pili.

Kwa mdogo wangu nyumba ilikuwa mita 12 kwa 10, na katika zile mita 12 ardhi ilishuka mita 1.5. Fundi alikuwa amemwambia, "Pana mteremko kidogo tu, dada." Sasa fanya hesabu. Msingi ukitokeza nusu mita kona ya juu, kona ya chini unatokeza mita 2. Wastani ni mita 1.25, ambapo ramani ilihesabu nusu mita.

Kuta zote, za nje na za ndani, zilikuwa na urefu wa karibu mita 80. Tofali za inchi 6 zikilazwa, kila mita moja ya kimo inakula tofali kama 1,000. Kwa hiyo nyongeza ya sentimita 75 ni tofali 750, kabla hujahesabu saruji ya kuzijengea na ufundi.

Kifusi ndicho kikubwa zaidi. Kifusi kinaishia sentimita 15 chini ya usawa wa msingi, kuacha nafasi ya jamvi, yaani zege la sakafu. Kwa hiyo sakafu ya mita za mraba 110 kwenye tambarare ingejazwa karibu mita za ujazo 39. Pale ilihitaji 121. Ongeza robo kwa sababu kifusi kinashuka ukikishindilia: karibu 49 na 151. Kwa lori la mita za ujazo 5, safari 10 zimekuwa kama 30. Bodi la lori lipime mwenyewe kwa futi kamba, urefu mara upana mara kimo, kwani maneno "lori kubwa" hayana kipimo.

Kifusi chenyewe kimwagwe kwa tabaka la sentimita 15 hadi 20, kinyweshwe maji, kishindiliwe, ndipo tabaka jingine. Kikimwagwa chote siku moja, sakafu itapasuka ukiwa umeshahamia. Na msingi ukifika kimo cha mita moja na nusu na kupanda, usimwachie fundi mwashi peke yake. Kifusi kinausukuma ukuta kutoka ndani, kwa hiyo mhandisi apange nguzo na mkanda wa nondo.

Dawa zipo. Ya kwanza, zungusha ramani ili upande mfupi ndio ufuate mteremko. Ya pili ndiyo iliyotuokoa: nusu ya nyumba, upande wa sebule na jiko, tuliishusha sentimita 60, tukaweka ngazi 4 za sentimita 15 kuelekea vyumbani. Malori manane ya kifusi hatukuyanunua. Bibi chumba chake tulikihamishia upande wa chini, kwenye usawa wa mlango wa mbele, na choo cha wote kikamfuata huko.

Hatua ya 4: Daftari

Nunua kaunta buku. Simu inaibiwa, na fundi hawezi kusaini kwenye simu. Kila kifaa andika idadi, bei ya maduka matatu, na usafiri hadi kiwanjani. Barabara ya Goba wakati wa mvua lori linagoma au linapandisha bei, kwa hiyo mchanga na kokoto viingie kabla ya masika ya Machi. Saruji usiilimbikize, ikikaa miezi inashika unyevu na kupoteza nguvu. Maji nayo yaandike, watu wengi huyasahau.

Hatua ya 5: Vituo vya kusimama

Gawa pesa kwa vituo ambavyo kazi ikisimama haiharibiki: msingi na jamvi, boma hadi lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua. Usianze kituo ambacho pesa yake yote haijafika mkononi. Kupaua hasa: mbao zikipigwa mvua miezi sita bila bati zinapinda. Baada ya paa, hesabu kwamba bado una karibu nusu ya gharama: plasta, umeme, mabomba, shimo la choo, madirisha, milango, vigae, rangi. Juu ya kila kituo ongeza asilimia 15.

Hatua ya 6: Fundi

Mkataba wa maandishi, malipo kwa kituo, sehemu ya kumi ibaki mkononi mwako hadi umekagua. Siku ya kuchimba msingi uwepo, na uje na ule mpira. Kabla jembe la kwanza halijashuka, pimeni kona nne pamoja na fundi, muandike namba kwenye daftari, nyote wawili msaini chini yake.